UZI: Viwanja vya gofu visivyo na jina kubwa nje ya nchi, tajeni vya kwenda likizo

#1 Mkonge_Tisa
Wakuu, salaam. Tuko wanne Tanga mjini, handikapu (mikwaju ya nyongeza anayopewa asiye bingwa) 14 hadi 24, tuna siku saba mwezi wa saba na safari hii tunataka kuvuka mpaka. Ukiuliza likizo ya gofu unaletewa vipeperushi: hoteli ya nyota tano, mashimo 18, kigari cha umeme, basi. Dai langu, mnikosoe: kwa mchezaji wa kawaida uwanja wa mashimo 9 usio na jina ni likizo nzuri kuliko huo wa magazetini. Hakuna kundi linalokupumulia mgongoni, ada ni ndogo, na mzunguko wa pili unayakuta mashimo yale yale ukiwa umeshajua yamekufanyaje. Tajeni uwanja, njia ya kufika na mitego yake. Habari za "mandhari ya kuvutia" waachieni wapiga picha za harusi.

#2 Chura_wa_Chuda
Nimevuta kiti. Handikapu 24 anatafuta uwanja usiojulikana ili na yeye asijulikane 😂

#3 Kedi_wa_Zamani
Mleta uzi, anza na jirani. Tanga hadi Horohoro ni kama kilomita 65. Mkishagonga pasi Lunga Lunga, mnafika Diani kabla hata ya kuiona Likoni. Pale kuna Leisure, mashimo 18, watu wanaupita wakikimbilia ufukweni. Kisha Mombasa Golf Club, hii ndiyo inayolingana na dai lako: mashimo 9, klabu ya tangu 1911, imekaa juu ya bahari karibu na mlango wa Kilindini. Umesimama kwenye tii, yaani pa kuanzia shimo, meli ya makontena inapita chini yako.

Mtego: mwezi wa saba ni kusi, na upepo unatoka baharini moja kwa moja. Kwenye mashimo ya ukingoni mpira ukiupiga juu unarudishwa ndani hadi unakosa ferewei (njia ya nyasi fupi kuelekea shimo) upande wa pili. Aini 5 (fimbo ya chuma) ipigwe chini, mpira nyuma kidogo ya katikati ya miguu, mikono isimame usawa wa kiuno baada ya kupiga. Dreva, ile fimbo ya kupigia mbali, iacheni ndani ya begi mpaka mpate shimo lenye upepo mgongoni. Siku ya nne vukeni feri mwende Vipingo, nako hakujulikani sana.

#4 Mzee_wa_Raskazone
Kedi, mengine yote sawa, ila Vipingo usiuite haujulikani. Ziara ya wanawake ya Ulaya imecheza pale tangu 2019. Uwanja ni wa David Jones wa Ireland ya Kaskazini, huyo huyo aliyechora ule wa Usa River kule Arusha. Ni mzuri, sibishi, lakini mleta uzi ameomba vya gizani.

#5 Mwana_Ngamiani
Na hiyo ya "vukeni feri" ni habari ya zamani. Siku hizi mkitoka Lunga Lunga, baada ya Ukunda mnakata kushoto Kibundani, mnashika barabara ya Dongo Kundu, mnapita daraja la Mteza na kutokea barabara kuu ya Nairobi. Wa Vipingo anaweza kupandisha hadi Mariakani, akashukia Kaloleni na Kilifi bila kukanyaga kisiwa. Ni mzunguko mrefu, ila haukuliwi na foleni ya Likoni. Mombasa Golf Club yenyewe iko kisiwani, kwa hiyo kwa huo uwanja feri bado ndiyo njia fupi.

Jingine: mkienda na gari lenu mnahitaji kadi MBILI za njano. Moja ni bima ya gari ya COMESA, nyingine ni ya chanjo ya homa ya manjano. Watu wanasikia "kadi ya njano", wanabeba moja, halafu mpakani wanaanza kubishana na afisa.

#6 Chura_wa_Chuda
Ya tatu anaonyeshwa na mkewe.

#7 Mama_Bunka
Asanteni kwa barabara, lakini kwa siku saba mimi ningewapeleka Uganda. Entebbe ni mashimo 18 ya tangu mwanzoni mwa karne ya 20, uwanja unashuka kuelekea Ziwa Victoria, na kutoka uwanja wa ndege ni jirani kiasi kwamba siku ya kuondoka unaweza kucheza asubuhi na kupanda ndege jioni. Halafu Jinja, mashimo 9, karibu na mto Nile unapoanza safari. Ndiko kwenye ile kanuni maarufu: mpira ukiingia kwenye alama ya unyayo wa kiboko unauokota na kuudondosha pembeni bila adhabu. Kisumu, Nyanza Club, nako 9, walikuwa na ya kwao ya viboko na mamba.

Barabara ya Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80, lakini msiipimie kwa kilomita. Foleni ya kutoka Kampala ndiyo inayoamua. Nafasi ya saa nne asubuhi ina maana ya kuondoka alfajiri, ama mlale Jinja.

#8 Kanuni_Kwanza
Dada Mama_Bunka, kanuni ya viboko imepitwa na wakati kwa sehemu. Tangu marekebisho ya 2019, Kanuni ya 16.2 inakupa nafuu ya bure popote duniani kukiwa na mnyama wa hatari karibu na mpira. Unatafuta sehemu iliyo karibu zaidi isiyo na hatari, isiyosogelea shimo, unadondosha ndani ya urefu wa fimbo moja, kutoka usawa wa goti. Haihitaji ubao ukutani mwa klabu. Ila mpira ukiwa ndani ya kichaka ambamo usingeweza kupiga hata kama kiboko hayupo, nafuu hiyo huipati.

#9 Mama_Bunka
Umesoma haraka, kaka. Nimesema UNYAYO. Kiboko ameshaondoka usiku, amekuachia shimo la matope. Hapo 16.2 yako inakusaidia nini?

#10 Kanuni_Kwanza
Haya, hapo nimekamatwa. Nikajaribu 16.1, tundu la mnyama, nayo haiingii: tundu lazima liwe limechimbwa na mnyama, siyo limekanyagwa. Kwa hiyo unyayo bado unategemea kamati ya uwanja itangaze sehemu hiyo kuwa iko kwenye matengenezo. Someni nyuma ya kadi ya alama kabla ya tii ya kwanza. Ikiwa haijaandikwa, mnacheza ulipo.

#11 Mzee_wa_Raskazone
Kabla hamjafika kwenye kiboko, mtakuwa mmeshapotea kwenye umbali. Mtu wa Tanga amezoea usawa wa bahari. Entebbe ni karibu mita 1,150 juu, Kigali kama 1,500, Limuru ni zaidi ya 2,200. Hewa nyepesi, mpira unaenda mbali. Kanuni ya mkononi: ongeza asilimia 10 ukifika mita 1,600. Kwa Entebbe aini 7 ya mita 140 inakuwa kama 150. Shuka fimbo moja, yaani chagua inayopiga karibu zaidi, mambo yaishe.

#12 Rada_ya_Pwani
Mzee, heshima yako, hiyo asilimia 10 ni ya zamani. Vipimo vya rada vinatoa karibu asilimia 1.2 kwa kila futi 1,000, yaani kama 4 kwa kila mita 1,000. Entebbe ile 140 inakuwa 146. Ukishuka fimbo nzima unabaki fupi, na fupi kwenye grini (nyasi laini palipo na shimo) nyingi maana yake ni bunka, shimo la mchanga. Asilimia 10 labda uione kwenye dreva yenye mbio kubwa, siyo aini.

#13 Mzee_wa_Raskazone
Mbona basi watu wa pwani wakipanda bara wanapitiliza grini kwa mita 15? Rada inapima hewani. Sisi tunazungumzia mpira uliposimama. Kwenye hewa nyepesi mzunguko wa mpira haushiki hewa sawasawa, mpira unatua ukiwa umelala, hauvunji. Unatua mahali sahihi halafu unaendelea.

#14 Kedi_wa_Zamani
Na mimi nasema siyo hewa, ni nyasi. Bara ferewei nyingi ni kikuyu. Ile nyasi ni nene, inaubeba mpira juu kama umewekewa tii. Mchezaji wa pwani amezoea mpira uliokaa kwenye ardhi ngumu, anaukandamiza. Akikuta mpira umesimama, anaupiga katikati ya uso wa fimbo kwa mara ya kwanza maishani, anashangaa umeenda. Halafu anasifia mwinuko 😀

Lakini ujue kikuyu hiyo hiyo kwenye rafu, nyasi ndefu za pembeni, inakushika shingo ya fimbo, uso unajifunga, mpira unaenda kushoto. Pale chukua weji, fimbo ya karibu, shika kwa nguvu ya mkono wa kushoto (kwa anayecheza kulia), fungua uso kidogo kabla ya kupiga, na lengo liwe kurudi ferewei tu. Fimbo ya mbao ya 5 kwenye rafu ya kikuyu ni kutafuta lawama.

#15 Mwana_Ngamiani
Nyinyi mmesahau unyevu. Tanga hewa nzito, jasho tupu. Bara hewa kavu, mpira unapaa.

#16 Rada_ya_Pwani
Hapana ndugu yangu, hapo umechapia. Hewa yenye unyevu ni NYEPESI kuliko kavu, kwa sababu mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa yenyewe. Kwa mpira wa gofu tofauti haifiki hata mita moja au mbili. Unyevu unakuumiza kwingine: gripu inalowa, mikono inateleza, na maji kati ya uso wa fimbo na mpira yanaua mzunguko. Taulo mbili, moja kavu, na glovu tatu za kubadilishana. Joto ndilo lenye uzito. Ukitoka nyuzi 30 ukaenda kucheza kwenye nyuzi 10, dreva inapoteza kama mita 6 au 7.

#17 Chura_wa_Chuda
Kwa hiyo mwinuko unaongeza 6, baridi inatoa 6. Bakini Tanga.

#18 Shimo_la_Kumi_na_Mbili
Mmemaliza Afrika Mashariki? Mleta uzi hakusema bara gani. Kwa anayeweza viza ya Uingereza, Uskochi imejaa viwanja vya hesabu zisizo za kawaida. Shiskine, kisiwa cha Arran, ni mashimo 12. Siyo kwamba hayajaisha, ndiyo uwanja wenyewe. Durness ni 9, kaskazini magharibi kabisa ya bara la Uingereza, na shimo la mwisho unapiga mpira juu ya ghuba ya bahari. Brora kwa miaka mingi walikuwa na ng'ombe na kondoo wanaolisha uwanjani, kwa hiyo grini zilizungushiwa uzi wa umeme. Mkiukuta bado upo, mnyanyue mguu vizuri mnapovuka, mwenye kaptula asijifanye shujaa.

Ila ninaoupenda mimi ni Askernish, kisiwa cha South Uist. Old Tom Morris, mchoraji viwanja wa zamani wa Uskochi, aliuchora 1891, baadaye ukapotea kwenye mchanga na nyasi, ukafufuliwa na kufunguliwa tena 2008. Feri inatoka Mallaig hadi Lochboisdale, kama saa tatu na nusu, na bahari ikichafuka inaahirishwa. Usipange ndege ya kurudi kesho yake. Mwezi wa saba mwanga upo hadi karibu saa nne usiku, kwa hiyo mizunguko miwili kwa siku inawezekana.

#19 Mama_Bunka
Huu ndio mchango. Na mpira kule hauchezwi hewani, au siyo?

#20 Shimo_la_Kumi_na_Mbili
Ndiyo dada. Ardhi ya mchanga wa pwani, ngumu. Kutoka mita 30 acha weji, tumia pata (fimbo ya kusukumia mpira shimoni) ukiwa nje ya grini, au aini 8 kwa mwendo wa pata. Mpira wa weji ukitua kwenye ardhi ile unaruka kama umetua kwenye sakafu. Mtu wa Tanga aliyekulia kwenye ardhi ya kiangazi hapo ana faida kuliko wa Nairobi.

#21 Mkonge_Tisa
Asanteni, naandika yote. Sasa jambo linalotutesa: wawili kati yetu wamejifunzia kwenye brauni. Je, watateseka kwenye grini za nyasi?

#22 Kedi_wa_Zamani
Watateseka siku mbili. Kwa wasiojua: brauni ni mchanga uliochanganywa na mafuta ili upepo usiubebe. Kabla ya kupiga pata unachukua ule ubao wenye mpini, unauburuta kutoka kwenye mpira hadi shimoni, unapata njia laini, unapiga pata. Njia imenyooka, mteremko hakuna wa kusumbua, na mpira ni mzito. Aliyezoea hapo ana makosa mawili akifika kwenye nyasi. La kwanza, anagonga badala ya kusukuma, mpira unapitiliza mita mbili. La pili, anasoma njia moja tu, iliyonyooka.

Dawa: siku ya kwanza, kabla ya mzunguko, dakika 20 kwenye grini ya mazoezi bila kulenga shimo. Weka tii tatu ardhini, mita 3, 6 na 9, usukume mipira isimame kwenye tii. Shimo likiwepo jicho linadanganya.

#23 Mzee_wa_Raskazone
Aongeze kusoma uelekeo wa nyasi. Nyasi ya bermuda inalala. Ukiona grini inang'aa mbele yako, nyasi inalala kuelekea shimo, mpira utakimbia. Ikionekana nyeusi, inalala kukuelekea wewe, ongeza nguvu. Na siku zote inalala kuelekea jua linapozama.

#24 Rada_ya_Pwani
Kung'aa na weusi, naunga mkono. Jua linapozama, sikubali. Nyasi inafuata maji yanakoteremka.

#25 Kedi_wa_Zamani
Inafuata mashine ya kukata. Fundi akipita kaskazini kwenda kusini kila siku, nyasi italala huko hata jua likizama Pangani.

#26 Mama_Bunka
Jua kuzama Pangani haya ni maajabu mapya, Pangani iko kusini mwetu. Wakuu, badala ya kubishana angalieni shimo lenyewe. Inama, tazama ukingo wa kikombe. Upande mmoja mkato ni safi, upande wa pili umechakaa, majani yamekatika mizizi na yamegeuka kahawia. Nyasi inalala kuelekea upande uliochakaa. Ni bora kulitazama mchana, maana asubuhi kikombe kimetoka kukatwa, pande zote zinafanana.

#27 Mzee_wa_Raskazone
Na ukilitazama mchana utakuta upande uliochakaa uko magharibi 😏

#28 Weji_56
Nimechelewa. Hakuna aliyetaja Skukuza? Afrika Kusini, ndani ya hifadhi ya Kruger, mashimo 9, ulijengwa 1972 kwa ajili ya wafanyakazi wa hifadhi. Hauna uzio. Unasaini fomu kwamba ukijeruhiwa na mnyama usimlaumu mtu, ndipo unapewa kadi. Nyani au tumbili akiuchukua mpira uliosimama, unaweka mwingine pale ulipokuwa, bila adhabu. Mpira ukiwa bado unakimbia ndipo mambo yanabadilika, mwulizeni Kanuni_Kwanza.

Kwa upande wa Zimbabwe, Leopard Rock iko milima ya Vumba, karibu na Mutare. Ukungu wa asubuhi unaweza kuwafungia hadi saa nne, kwa hiyo msikubali nafasi ya saa moja. Na Livingstone, Zambia, klabu ya 1908, mnaiunganisha na maporomoko, halafu mnavuka daraja kwenda Elephant Hills, uwanja uliochorwa na Gary Player. Zambia na Zimbabwe pasi yetu haihitaji viza.

#29 Kanuni_Kwanza
Mpira unaokimbia ukimgonga mnyama kwa bahati mbaya, nje ya grini: unacheza uliposimama. Ukiwa umepiga pata kwenye grini na tumbili akaugusa ukikimbia, mkwaju unafutwa, unarudia kutoka pale pale. Sasa tumbili akiuchukua ukiwa unakimbia ferewei na kuondoka nao, hapo inabidi ukadirie alipouchukulia, udondoshe hapo. Kedi wako (mbeba fimbo) na mpinzani wako hawatakubaliana.

#30 Chura_wa_Chuda
Tumbili naye atasema aliuchukulia karibu na shimo.

#31 Weji_56
Kwa wanaopanda ndege: tatizo kubwa siyo uzito, ni shingo ya dreva. Fungua kichwa kwa ufunguo wake, kifunge kwenye soksi nene, kiweke mfuko wa nguo. Fimbo nyingine geuza vichwa vyote juu, funga taulo kuvizunguka, na katikati ingiza fimbo ya ufagio iliyo ndefu kuliko zote kwa sentimita 5. Begi likiangushwa kichwa chini, ufagio ndio unaopokea. Darubini ya kupimia umbali, betri zake za akiba za lithiamu zipande nawe ndani ya ndege, zisiingie kwenye mzigo wa chini. Na hesabuni fimbo: 14 mwisho. Ufagio hauhesabiwi.

#32 Mwana_Ngamiani
Ongezeni barua ya klabu. Katibu aandike handikapu zenu na kama klabu yenu ina makubaliano na klabu nyingine. Kenya waulizeni ada ya mkazi wa Afrika Mashariki kabla hamjatajiwa ya mgeni. Ukishalipa, kudai tofauti ni kazi. Kitambulisho kiwe mkononi.

#33 Mkonge_Tisa
Tumekaa kikao kidogo hapa Chumbageni, tunaelekea hivi: siku mbili Mombasa kwenye mashimo 9, halafu ndege hadi Entebbe, tumalizie Jinja. Wawili wanataka Diani tu na mahamri. Swali la mwisho: kwa Entebbe tushuke fimbo nzima au nusu?

#34 Mzee_wa_Raskazone
Nzima.

#35 Rada_ya_Pwani
Nusu. Shika gripu sentimita mbili chini, inatosha.

#36 Kedi_wa_Zamani
Pigeni kama mlivyozoea, kedi wa pale atawaambia. Anaujua mwinuko wake kuliko rada.

#37 Mama_Bunka
Mkonge_Tisa, pigeni mipira kumi kwenye eneo la mazoezi, mpime kwa hatua, mtuletee namba hapa. Na mtazame vikombe jioni, upande uliochakaa uko wapi.

#38 Chura_wa_Chuda
Handikapu 24 mipira kumi ataipata wapi yote akishaipiga?